Mama Dinah na Mkwe Wake wa Kitanda cha Dirishani

Mama yangu, Dinah Nasambu, aliwajua wagonjwa wa moyo kwa namna walivyoshindwa kulala. Alisema mtu wa malaria hujikunja na mtu wa tumbo hujishika, lakini yule ambaye moyo wake umechoka hakubali kulazwa chali. Ukimlaza, anainuka akitafuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Mtu kama huyo, Mama alikuwa anasema, usimlaze. Mketishe. Mpe mahali pa kuegemea, mteremshie miguu, halafu nyamaza, maana kelele nazo zinachosha moyo.

Kazi hiyo ya kuketisha watu ndiyo aliyoifanya zaidi ya miaka kumi katika wodi ya Waafrika pale Kitale. Hakuisomea darasani. Alizaliwa upande wa Kimilili, akasoma kwa wamisheni mpaka akaweza kusoma Injili bila kufuata kwa kidole, akaolewa na baba yangu Nyongesa. Baba alikufa kwa homa mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Watu wa baba wakataka arithiwe na shemeji yake, ilivyokuwa desturi. Mama akakataa kwa upole. Kila kitu alikifanya kwa upole, hata kukataa. Akanibeba, akapanda Kitale mwaka ule wa nzige, akaandikwa yaya katika shamba la Mzungu mmoja.

Mzungu huyo alikuwa na mama yake mzee ambaye moyo ulikuwa mbovu. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha. Mito minne mgongoni, mmoja chini ya kila mkono, dirisha wazi hata kukiwa na baridi ya Mlima Elgon. Chakula bila chumvi, maji kidogo kidogo. Visigino na makalio vipakwe spiriti visioze kwa kukaa. Bibi alipokufa, na vita vya Hitla vilipopunguza wafanyakazi hospitalini, Mama akachukuliwa kule kupiga deki. Siku moja sista akamkuta ameacha ndoo, ameketi kitandani nyuma ya mgonjwa aliyekuwa anatapatapa, mgonjwa amemwegemea kifuani kama mtu aliyeegemea kiti, naye anapumua. Sista hakumgombeza. Alimpa aproni.

Mimi nilikua kwa hao wazungu na baadaye katika kijumba cha hospitali. Nilisoma mpaka darasa la nne. Kisha nikaolewa na Jotham Wabwile wa upande wa Malakisi, aliyekuwa akipima majani ya tumbaku ya wakulima kwenye kituo cha kuyanunua. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi. Utotoni aliwahi kuumwa viungo, magoti yakavimba mpaka akabebwa, lakini hayo yalikuwa yamesahauliwa. Mungu akatupa watoto wawili.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wale ambao si wa kwetu. Kwetu Bungoma mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawashikani mkono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Kitanda cha mmoja, mwingine hakioni. Kumgusa mkwe ni jambo zito, na uzito wake unashukia wajukuu. Mama alikuwa Mkristo wa kweli, lakini hilo hakulitupa. Alisema heshima haijawahi kukatazwa na Injili. Kwa hiyo tangu nilipoolewa, Mama na Jotham walikuwa hawajawahi kutazamana uso kwa uso. Alikuwa anamtumia salamu kupitia kwangu: "Mwambie yule mwanamume kwamba nimesikia mahindi yenu ni mazuri." Naye Jotham anajibu: "Mwambie yule mzazi kwamba debe la kwanza ni lake."

Walipendana hivyo, kwa mbali, na nadhani walipendana sana.

Jotham alianza kuchoka mwaka wa hamsini na mbili. Kwanza alishindwa kuinua gunia la tumbaku. Baadaye alishindwa kupanda kilima cha kwetu bila kupumzika. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Akaanza kulala ameketi, ameegemea ukuta. Nilipoona hivyo nililia kabla mtu yeyote hajaniambia ugonjwa ni gani. Nilikuwa nimewaona wengi kama yeye nilipokuwa msichana.

Zahanati ya Bungoma walisema apelekwe Kitale. Tukapanda lori la mahindi kupitia Kimilili, yeye ameketi mbele na dereva. Njia nzima nilikuwa naomba, na nilikuwa nafurahi pia, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua tunakwenda kwenye mikono ya Mama.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema moyo umeharibika mlango, tangu ule ugonjwa wa viungo, na maji yamejaa. Atapewa vidonge na sindano ya kutoa maji. "Lakini dawa ni nusu," akasema. "Nusu nyingine ni namna ya kumtunza."

Wakampa kitanda cha dirishani. Mama alikuwa akitoka chumba cha dawa na sinia. Alipomwona aliyeketi pale, akasimama. Jotham naye akamwona. Akavuta blanketi la hospitali, akajifunika kichwa chote.

Mama akageuka, akatoka.

Nilimkuta nje ameegemea nguzo, sinia bado mikononi.

"Mayi," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "wewe ndiye tuliyekujia."

"Najua, mwana wangu."

"Sasa?"

"Umeona alivyofanya? Kajifunika. Mtu ambaye hewa ni shida, amejifunika blanketi kwa ajili yangu. Nikiingia mara kumi kwa siku, atajifunika mara kumi. Heshima yake itamkaba."

Akaenda kwa sista, akaomba ahamishiwe wodi ya wanawake. Sista akakubali, ingawa hakuelewa vizuri. Wodi ya wanaume ikabaki kwa Jerop, msichana wa Kinandi, mwenye nguvu na kelele, ambaye sauti yake ilisikika mpaka jikoni.

"Mama Dinah, usiwe na wasiwasi," Jerop akasema. "Mimi nitashika yeye. Mimi sina mkwe hata mmoja. Hata mchumba sina, ng'o!"

Lakini Jerop alikuwa mmoja, na wodi ilikuwa imejaa. Ndipo Mama alipobuni njia yake. Kulikuwa na pazia la kijani kwenye fremu ya magurudumu, lile la kufunika mgonjwa akioshwa. Saa zake za mapumziko Mama alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, analisukuma hilo pazia mpaka karibu na kitanda cha dirishani, anasimama nyuma yake. Halafu anasema nami. Hakusema na Jotham hata siku moja. Alisema nami, na mimi nikawa mikono yake.

"Usimvute kwapani, utamchosha. Pitisha mkono nyuma ya mabega. Sasa mwambie akunje magoti, asukume na miguu mwenyewe. Hivyo. Umeona?"

"Nimeona, Mayi."

"Kiti kigeuze kichwa chini nyuma yake, juu yake weka gunia la maganda ya mahindi. Ni laini?"

Nikamwuliza Jotham. Jotham akasema, "Mwambie yule mzazi, ni laini kuliko godoro la Gavana."

Nyuma ya pazia tukasikia Mama anacheka.

Alinifundisha kushika mshipa wa mkono na kusikia kama moyo unakimbia ama unarukaruka. Alinifundisha kumwosha bila kumlaza, kumpaka spiriti visigino, kumpa uji vijiko vichache, kungoja, halafu vingine. Alinifundisha kupima mkojo katika chupa na kuufurahia kama maziwa. Siku sindano ilipofanya kazi vizuri, nikainua ile chupa juu ili Mama aone kivuli chake kwenye pazia, na Mama akasema, "Bwana asifiwe!" kwa sauti iliyoifanya wodi nzima igeuke.

Kitanda cha pili alikuwa mzee Kimutai, wa kutoka mlimani, mwenye miguu kama magogo. Huyo alikuwa haachi kutucheka.

"Nyinyi watu ya Bungoma iko na maajabu," alimwambia Jotham. "Chui, nyinyi napiga na mkuki. Lakini mama ya bibi, nakimbia!"

"Mzee," Jotham akamjibu, "chui hakunipa mke."

Mzee Kimutai alicheka mpaka Jerop akaja kumwinua. "Utakufa na kicheko wewe," Jerop akamwambia. "Nitaandikia watoto yako nini?"

Niseme ukweli, zilikuwa siku nzuri. Miguu ya Jotham ilipungua, nikaona tena mifupa ya vifundo vyake. Akaanza kuuliza habari za mahindi. Akaniambia tukirudi nyumbani atatafuta kondoo, awaombe wazee wamfungulie kwa Mama, wapewe ruhusa ya kusalimiana kwa mkono, kama wanavyofanyiwa watu wa makamo walioheshimiana miaka mingi. "Bado mimi ni kijana, watakataa," akasema, "lakini nitawaambia ni nani aliyenitunza." Nikampelekea Mama maneno hayo. Alikaa akikunja mashuka yaliyokuwa yamekwisha kukunjwa.

Halafu ikaja ile Alhamisi.

Mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi lori la vibarua wa shamba la ngano lilipinduka kwenye matope. Waliumia wengi. Dresa wa kufunga vidonda, sista na Jerop wote wakakimbilia uani kupokea majeruhi. Mimi nilikuwa nimekwenda jikoni kungoja uji wa Jotham, maana uji wake ulipikwa peke yake. Nilimwacha ameketi vizuri, anatazama nje.

Yaliyotokea hapo kati alinisimulia mzee Kimutai.

Alisema Jotham alianza kukohoa, kikohozi cha maji. Povu likamtoka, lina rangi ya waridi. Akawa anajaribu kusimama, ile ya mtu anayetaka kukimbia kutoka mahali pasipo na hewa. Akakiangusha kiti cha mgongoni, akateleza, akalala upande. Mzee Kimutai hakuweza kushuka kitandani kwa miguu yake ile, akapiga kelele: "Mama Dinah! Mama Dinah! Mkwe yako nazama!"

Mama alikuwa anapita barazani na mashuka ya wanawake. Aliyaachilia chini, pale pale kwenye matope ya viatu vya watu.

Mzee Kimutai alisema Mama hakusimama kufikiri mlangoni. Alizunguka kitanda kwa upande wa dirisha, ili asije kwa mbele. Akapanda kitandani nyuma ya Jotham, akampitishia mikono chini ya mbavu, akamwinua, akamwegemeza kifuani mwake. Jotham akahisi mikono. Akashtuka, mkono wake ukatafuta blanketi.

"Ni nani?" akauliza.

Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo tangu nizaliwe, akasema: "Ni Jerop."

Mzee Kimutai alisema mkono wa Jotham ukaliacha blanketi. Akaegemea.

Hapo ndipo nilipoingia na bakuli. Niliona mume wangu ameketi, kichwa chake kimelala begani kwa Mama, na mikono ya Mama imemshika kifua. Nikafungua kinywa kuita, "Mayi!" Mama akatikisa kichwa. Alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau mpaka nitakapolala mchangani, akatikisa kichwa tena, polepole. Nikafunga kinywa. Nikaweka bakuli chini, nikapiga magoti, nikashika mkono wa Jotham. Nikasema tu, "Mimi niko."

Mama alikuwa anampumulia sikioni, taratibu, ili naye afuate. Ndivyo alivyofanya kwa wote. Jotham alifuata kidogo. Halafu akaacha.

Mama hakushuka. Aliendelea kumshika mpaka Jerop alipokuja, mikono imejaa damu ya watu wengine.

Watu wa kwake walikuja na gari la kukodi, tukamrudisha Malakisi. Mama alikuja nasi, ameketi nyuma kabisa, mbali na sanduku. Njiani nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mayi, usiwaambie. Jerop alikuwa zamu. Waache waamini hivyo."

"Nimemdanganya mtu aliyekuwa anakufa," akasema. "Huo ni mmoja. Sitaongeza juu yake."

"Utafukuzwa."

"Wajukuu wangu watakula katika boma hilo, mwana wangu. Siwezi kuwaachia jambo lililofunikwa."

Tulipofika, hakuingia. Alisimama kwenye njia, akaomba aitwe mzee Wakhungu, baba mkubwa wa Jotham, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo. Akamwambia yote, bila kujitetea. Alimgusa, alimshika kifuani, alijiita kwa jina la mwingine. Mzee Wakhungu hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamia fimbo. Kisha akauliza swali moja.

"Alipokugundua, ndipo alipokufa?"

"Sijui kama alinigundua," Mama akasema.

Wazee wakakaa. Walisema lazima kondoo achinjwe, Mama atakaswe kabla ya kukanyaga ua ule, na jambo la namna hiyo halifanywi siku moja na maziko. Kwa hiyo asiingie. Hayo yangevumilika. Lakini shangazi zake Jotham walianza kusema, na maneno yakatembea kati ya waombolezaji mpaka yakanifikia nilipokuwa nimeketishwa kama mjane, sina ruhusa ya kuinuka: ati moyo wa kijana ulikuwa unapona, si mlisikia alikuwa anapona? Ulisimama kwa aibu. Aibu ndiyo iliyomwua.

Tulimzika Jotham saa nane. Watu wa kanisa waliimba. Mama alisimama nje, ng'ambo ya barabara, kando ya kibanda cha kukaushia tumbaku, mikono ameikunja kifuani. Aliimba pamoja nasi. Niliisikia sauti yake, ikichelewa kidogo nyuma ya zetu, kwa sababu ya umbali. Watu walipoanza kutawanyika nilitazama tena, na hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshika njia kwa miguu kutafuta lori la kumrudisha Kitale, na mimi sikuweza kumfuata.

Kondoo alichinjwa baada ya mavuno. Mama alikubali yote, akaingia, akawabeba watoto wangu, akala chakula cha boma lile. Mzee Wakhungu mwenyewe alimletea kiti. Hakuna aliyemtukana tena. Lakini hakuna aliyekuja kumwambia kwamba yale maneno ya maziko yalikuwa ya uongo.

Aliendelea na kazi. Jerop aliniambia kwamba tangu hapo, mwanamume wa Bungoma akilazwa, Mama alikuwa anamwuliza kwanza, kabla hata ya jina lake, "Umeoa kwa nani?" Wagonjwa wengine walicheka, wakidhani anatafutia binti zake wachumba. Yeye alingoja jibu, ndipo akanyoosha mkono.

Mwaka wa hamsini na saba moyo wake mwenyewe ulianza kuchoka. Ndivyo Mungu alivyopenda. Nilipanda Kitale kumtunza katika kijumba chake. Nilimketisha alivyonifundisha, nikampaka spiriti visigino, nikampikia bila chumvi, naye akanisahihisha kidogo tu. Alasiri moja, mlango ukiwa wazi na jua likiingia mpaka magotini kwake, akaniambia:

"Nataka kukuuliza jambo. Usinipe jibu la kunifurahisha."

"Uliza, Mayi."

"Jerop ana sauti ya Kinandi. Anasema Kiswahili cha kwao. Jotham alikaa naye wodi moja, alimsikia kutwa. Mimi nilisema kwa sauti hii yangu. Mtu anaweza kukosea hapo?"

Nikaurekebisha mto mgongoni mwake.

"Kama alijua ni mimi," akasema, "basi aliacha blanketi kwa kunikubali. Aliniegemea akijua. Ama alijua, na wale shangazi walisema kweli. Nimelibeba miaka yote hii, siwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili." Akapumzika, akitafuta hewa. Nikampa maji kidogo. "Mimi nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso wake. Wewe ulikuwa mbele. Ulikuwaje, mwana wangu? Uso wake ulikuwaje?"

Nilitaka sana kumwambia ulikuwa na amani. Ningeweza kusema, na angeniamini, kwa kuwa alitaka kuniamini. Lakini aliniomba nisimfurahishe, na huyo ndiye aliyesimama njiani na kusema yote.

"Mayi," nikamwambia, "sikumtazama yeye. Ulipotikisa kichwa, nilikutazama wewe. Nilikutazama wewe mpaka mwisho."

Mama akaunyoosha mkono wake uliovimba, akaushika wangu. Baada ya muda akaniomba nimwinue kidogo, kwa sababu alikuwa ameteleza, nami nikapitisha mkono nyuma ya mabega yake.